Haki za Muziki kwa Mwenye Kuuhifadhi

Kila zama huwapa watu wake milki ya namna mpya, na kila milki mpya hulifufua swali la kale, nalo ni hili: je, mwenye kitu ni bwana wa kitu kile, au ni mlinzi tu aliyekabidhiwa kwa muda? Wanazuoni waliulizana swali hili juu ya mashamba, dhahabu na vitabu. Leo yatupasa tuulizane juu ya jambo ambalo kwa dhahiri laonekana dogo, nalo ni zile programu za kompyuta ya mezani ambazo kazi yake ni kukusanya nyimbo za mtu mahali pamoja, kuzipanga kwa majina ya waimbaji, ya albamu na ya miaka, na kuzipiga kwa utaratibu autakao mwenyewe. Winamp ilitoka mwaka 1997, iTunes mwaka 2001, foobar2000 mwaka 2002, na nyingine nyingi zikafuata. Na kwa njia yake mtu wa kipato cha kawaida amepata hazina ambayo zamani asingeipata illa mwenye kituo cha redio.

Watu huzisifu programu hizi kwa wepesi wake na huzilaumu kwa uzito wake, na mabishano hayo yana mahali pake. Mimi nakusudia kuyapima manufaa na madhara yake kwa mizani nyingine. Nasema kwamba maktaba ya muziki ni amana kabla ya kuwa mali, na kwamba muziki una haki juu ya mwenye kuuhifadhi: haki ya kulindwa usipotee, haki ya kutajwa kwa jina lake la kweli, na haki ya kusikilizwa kama ustahilivyo. Katika haki ya kwanza programu hizi ni msaada mkubwa. Katika ya pili ni msaada wenye hatari. Ama katika ya tatu, hazitusaidii neno illa tukizilazimisha.

Tuanze na ulinzi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenziwe kutoka Unguja kwenda Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV, na sauti ya Kiswahili ya taarab ikaingia katika santuri. Santuri zile zilikuwa nzito, zenye kuvunjika upesi, na kila upande ulichukua kama dakika tatu tu za wimbo. Leo dakika tatu hizo, zikihifadhiwa katika umbo la MP3 kwa kiwango cha kawaida, huchukua nafasi ya megabaiti 3 hivi, na aliye nazo aweza kuzinakili kwa nduguye wa Muscat au wa London bila ya nakala ya kwanza kupungukiwa na chochote. Hii ni neema iliyo wazi, na asiyeikiri hana insafu.

Neema hiyo inazidi kuonekana tukiilinganisha na njia ya pili iliyoenea sasa, ya kulipa ada kila mwezi ili kusikiliza nyimbo zilizowekwa mbali, mikononi mwa kampuni. Njia hiyo ni rahisi, haidai kazi yoyote ya utunzaji, na humfungulia msikilizaji mlango wa nyimbo nyingi kuliko awezavyo kununua. Walakini wimbo uliopo leo waweza kuondoka kesho kwa sababu mkataba baina ya kampuni na mwenye haki umekwisha, na msikilizaji haulizwi wala hajulishwi. Hata nyimbo zilizouzwa kwa bei kamili hazikusalimika daima: duka la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003 liliuza nyimbo zilizotiwa kufuli, zenye kukubali kupigwa katika kompyuta chache tu zilizoidhinishwa, na kufuli hizo hazikuondolewa katika duka zima hata ulipofika mwaka 2009. Faili iliyo wazi, iliyokaa katika diski ya mwenyewe, haiombi ruhusa ya mtu wala haihitaji mtandao. Na katika nchi ambazo umeme hukatika na bando hununuliwa kwa hesabu kali, uhuru huo si anasa.

Hata hivyo mlinzi naye hulindwa. Diski hufa, na aghalabu hufa bila ya kuugua, ikaondoka na kazi ya miaka kwa asubuhi moja. Kwa hiyo asiyeweka nakala ya pili mahali pengine hajahifadhi kitu, amekiweka tu. Tena kuna hasara isiyoonekana upesi. Baadhi ya programu huandika hukumu za mwenyewe, yaani nyota alizoupa wimbo, mara alizousikiliza na orodha alizozitunga, katika daftari ya programu yenyewe na si ndani ya faili ya wimbo. Siku programu inapoachwa na watengenezaji wake, au mwenyewe anapohamia nyingine, kumbukumbu hiyo hubaki nyuma. Mwaka 2019 kampuni ya Apple iliiondoa iTunes katika kompyuta zake za Mac na kuigawa kazi yake kwa programu tatu. Na ingawa nyimbo za watu zilihamishwa, tukio lile lilikuwa onyo kwa kila aliyedhani kwamba nyumba ya mtu mwingine yaweza kuwa yake milele. Mwenye hekima huchagua programu inayoandika habari ndani ya faili zenyewe, na akiwa na nafasi ya kutosha huzitunza nyimbo zake adhimu katika umbo la FLAC, lisilotupa sehemu yoyote ya sauti, kwa maana MP3 hupunguza ukubwa kwa kuyaacha yale ambayo sikio hudhaniwa halitayakosa, na dhana hiyo haifai kutumiwa juu ya nakala ambayo yamkini ndiyo ya mwisho.

Sasa niingie katika haki ya majina, ambayo naiona kuwa na uzito kuliko watu wengi wadhanivyo, kwa sababu kumtaja mtu kwa jina lake ni mwanzo wa kumheshimu, na kuikosesha kazi jina la mtendaji wake ni namna ya dhuluma.

Diski za sauti zilipoanza kuuzwa mwaka 1982 hazikuwa na majina ndani yake. Zilichukua sauti, na hesabu ya mahali ambapo kila wimbo waanzia, basi. Mwaka 1993 ikaanzishwa hifadhi ya majina iliyoitwa CDDB: programu iliitambua diski kwa hesabu ya urefu wa nyimbo zake, ikaleta majina, na ambaye hakuikuta diski yake humo aliyaandika majina kwa mkono wake na kuyapeleka, ili mwingine asiyemjua ayakute tayari. Watu wengi, katika nchi nyingi, walifanya hivyo bila ujira. Mwaka 1998 hifadhi ile ikauzwa, baadaye ikaitwa Gracenote, na matumizi yake yakawekewa masharti ya leseni, hata waliochangia kwa moyo mweupe wakaona kazi yao imekuwa bidhaa ya mwingine. Kutokana na uchungu huo Robert Kaye alianzisha MusicBrainz mwaka 2000, hifadhi ambayo sasa husimamiwa na taasisi isiyotafuta faida, na ambayo taarifa zake za msingi ni halali kwa kila mtu kuzitumia. Fundisho ninalolipata hapa si la biashara bali la adili: jina la wimbo na la mtunzi wake ni haki ya wote wenye kuusikia, na si uungwana kuwauzia watu sadaka yao wenyewe.

Hatari ya pili katika majina imo ndani ya faili zenyewe. Mwaka 1996 ilibuniwa njia ya kuandika habari za wimbo mwishoni mwa faili ya MP3, ikaitwa ID3; nafasi yake yote ilikuwa baiti 128, na jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu kila moja lilipewa herufi 30 tu. Aina ya muziki haikuandikwa kwa maneno bali kwa namba, kutokana na orodha ya aina 80 zilizochaguliwa na aliyeitunga. Ndani ya orodha ile polka ina namba yake, na rapu ya Kikristo ina namba yake. Taarab haimo, muziki wa dansi wa bendi za kwetu haumo, wala ngoma haimo. Mwenye santuri ya Siti, aliyeheshimu sana utaratibu, hakuwa na budi kuiweka chini ya neno linalokusanya kila muziki wa makabila ya mbali, au chini ya lile lisemalo kwamba ni kitu kingine tu. Simshutumu aliyeitunga orodha kwa nia mbaya. Aliandika aliyoyajua, kwa watu aliowajua. Lakini tazama namna orodha fupi ya mtu mmoja ilivyogeuka kuwa sheria katika mamilioni ya kompyuta, na namna ustaarabu mzima, wenye washairi na vyama vyenye umri mkubwa, ulivyokosa mlango wa kuingilia. Kila mpango wa elimu una madai ndani yake juu ya kilicho muhimu, na anayeupokea bila tafakuri huyapokea madai hayo pamoja nao.

Toleo la pili la ID3, lililotoka mwaka 1998, lilizifungua nafasi hizo: aina ya muziki yaweza kuandikwa kwa neno lolote, na mtunzi wa muziki na mtunzi wa mashairi wana mahali pao. Jambo hili lina maana kubwa kwa taarab, ambamo mara nyingi aliyetunga shairi si aliyelitilia muziki, na aliyelitilia muziki si aliyeliimba. Ila programu nyingi bado humtanguliza mmoja tu, mwimbaji, na kuwaficha wengine nyuma ya dirisha ambalo wachache hulifungua. Na mshairi aliyeipa sauti ile maneno yake hubaki hana jina katika nyumba aliyoijenga.

Tena majina yenyewe yana maisha. Bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ikaja kuwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, kadiri chama cha wafanyakazi kilichoilea kilivyobadilika, na ndiyo hiyo watu waijuayo kama Msondo Ngoma. Chama kikongwe cha taarab cha Unguja, kilichoasisiwa mwaka 1905, huandikwa Ikhwani Safaa na pengine Akhwan Safaa, na kuna miaka kilipojulikana kwa jina la Malindi. Marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro ameandikwa katika majalada ya santuri na kanda kwa tahajia zaidi ya moja. Kwa programu, kila tahajia ni mtu mwingine na kila jina jipya ni bendi nyingine. Haijui kwamba wachezaji walikuwa wale wale, au kwamba walibadilika mmoja mmoja hata wasibaki wa mwanzo ilhali watu wanaendelea kuiita bendi ile ile. Hapa mwenye maktaba hulazimika kujibu swali ambalo wanafalsafa wamelijadili tangu zama za Wayunani: kitu hubaki kile kile kwa sababu gani, kwa jina, kwa sehemu zake, au kwa kazi na kumbukumbu inayopokezwa? Naona jibu la haki ni kuandika jina lililokuwapo siku wimbo uliporekodiwa, kisha kuongeza maelezo yanayoziunganisha zama zake, maana hivyo hatuipotezi historia wala hatuukati ukoo. Kazi hii haiwezi kufanywa na mashine. Inahitaji mtu anayejua, anayeuliza wazee, na anayeona aibu kuandika uongo hata pale ambapo hakuna atakayemkagua. Na hili, kwa hakika, ni tunda zuri la kumiliki maktaba yako mwenyewe, kwamba inakupa dhima ya kujua.

Imebaki haki ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika mkusanyo wake wa vitabu uitwao Ihya kitabu kizima juu ya adabu za usikilizaji. Akayapima maneno ya waliouharamisha na ya waliouhalalisha, na akaifanya hukumu ifuate kile ambacho sauti inakitikisa ndani ya moyo wa msikilizaji. Wanazuoni hawajaafikiana katika mas-ala hayo hata leo, nami si mtu wa kuyakata. Lakini humo Ghazali anataja fikra ya Junaid wa Baghdad, kwamba usikilizaji wahitaji mambo matatu: wakati wake, mahali pake, na wenzi wanaostahili. Fikra hii naiona kuwa mizani bora ya kuipimia maktaba ya kompyuta, kwa kuwa mambo hayo matatu ndiyo hasa ambayo programu huyaondoa. Huufanya wimbo kuwa tayari kila wakati, na kwa hiyo hauna wakati. Huufanya kuwa popote, na kwa hiyo hauna mahali. Na humpa mtu mmoja kile ambacho kiliundwa kwa ajili ya hadhara.

Chukua wimbo wa Kijiti, ambao Siti aliuimba juu ya mwanamke aliyeuawa Unguja na mwuaji aliyeikimbia adhabu. Waliousikia mara ya kwanza waliijua habari, waliwajua watu, na katika sauti ile walisikia ushahidi ambao baraza la hakimu halikuutendea haki. Uweke wimbo huo katika programu, uamuru nyimbo zipigwe kwa kuchanganywa, nao utakuja baada ya wimbo wa harusi na kabla ya wimbo wa mapenzi; masikio yatauona mtamu, na yule mwanamke atakufa mara ya pili. Sisemi kwamba mchanganyo ni haramu. Wakati mwingine huleta karibu nyimbo mbili ambazo mtu hakuwahi kuziwaza pamoja, na kumfundisha udugu wake. Nasema kwamba unapokuwa ndiyo desturi, msikilizaji huzoea kupokea kila sauti kwa moyo ule ule, na moyo unaopokea vyote sawasawa haujapokea chochote.

Mtakatifu Augustino naye, katika Maungamo aliyoyaandika karibu na mwaka 400, aliona hatari ya upande mwingine: alihofu pale alipoguswa na utamu wa kuimba kuliko na maneno yanayoimbwa, akafikiri hata kuziondoa nyimbo tamu kanisani, kisha akakumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo zile mwanzoni mwa imani yake, akaziridhia. Na mahali pengine katika kitabu hicho hicho, akitafakari wakati ni nini, alimchukua mtu anayesoma zaburi aijuayo kwa moyo, akaonyesha kwamba zaburi ile huishi katika nafsi yake, sehemu ikiwa matarajio na sehemu ikiwa kumbukumbu, huku umakini wake ukiyavusha maneno kutoka upande huu hadi upande ule. Lau ni hivyo, basi ndani ya diski hamna muziki hata kidogo. Mna namba zinazosubiri nafsi. Muziki huwapo pale tu ambapo mtu ametoa sehemu ya umri wake na kuukalia.

Na umri ndio usiolimbikizwa. Diski ya terabaiti 1, iliyo ndogo kuliko kiganja, huchukua dakika milioni moja za MP3 za kiwango cha kawaida, ambazo mtu akizisikiliza usiku na mchana bila ya kulala zitamchukua karibu miezi 23. Na akizisikiliza saa moja kila siku, kama afanyavyo mtu mwenye kazi na jamaa, zitamchukua zaidi ya miaka 45. Injili ya Luka inamtaja tajiri aliyebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, asijue kwamba roho yake yatakiwa usiku ule ule. Na Kurani, katika sura ya Humaza, inamlaumu akusanyaye mali na kuihesabu akidhani itamdumisha. Mkusanyaji wa nyimbo asidhani kwamba maonyo hayo hayamhusu kwa kuwa mali yake haina uzito wala haichukui nafasi; wepesi huo ndio unaoifanya tamaa yake isikutane na ukuta.

Hata hivyo, ndani ya programu hizi kuna chombo kimoja ambacho chaweza kuitumikia nafsi. Nyingi zao huhesabu mara ambazo kila wimbo umepigwa, na huonyesha tarehe ya mwisho. Ghazali aliwausia watu wajifanyie muhasaba, yaani kuikalia nafsi na kuihesabia iliyoyatenda. Naye mwenye maktaba akiamuru zionyeshwe nyimbo zote ambazo hazijapigwa hata mara moja, atasomewa shitaka lake bila ya upendeleo. Asikimbilie kuzipiga zote ili namba zibadilike, kwani huko ni kuidanganya hesabu, nayo ni desturi mbaya ambayo programu hizi huichochea: mtu huanza kusikiliza kwa ajili ya takwimu. Achague chache, akae nazo, na zile anazojua kwamba hatazisikiliza kamwe awape wengine wanaozihitaji, kwa njia ya halali. Nasema kwa njia ya halali kwa sababu wanamuziki wengi wa Afrika ya Mashariki walizeeka katika ufukara ilhali nyimbo zao zilipigwa kila mahali. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mwenye kudai kwamba anauheshimu muziki hawezi kumsahau aliyeutoa.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye uwezo na aiweke maktaba yake katika kompyuta yake mwenyewe, wala asiridhike na nyimbo za kukodi peke yake, kwa maana jamii ambayo kumbukumbu yake yote imo mikononi mwa kampuni za mbali haina kumbukumbu, ina ruhusa. Aiweke katika faili zilizo wazi, na nakala ya pili iwe nyumba nyingine. Ayaandike majina kwa uaminifu, ya mwimbaji, ya mtunzi na ya mshairi, na pale orodha iliyotungwa ughaibuni isipolijua jina la muziki wake, alitie yeye. Auwekee wimbo wakati wake na mahali pake, na awaite wenzi waketi pamoja, kwani programu haimzuii. Na mwisho aandike wasia, amwonyeshe mwanawe au mwanafunzi wake mahali hazina ilipo na namna inavyofunguka, kwa kuwa diski iliyofungwa kwa neno la siri ambalo marehemu peke yake alilijua imezikwa pamoja naye. Amana haitimizwi kwa kuishika hata kufa. Hutimizwa inapomfikia anayefuata ikiwa nzima, ikiwa na majina ya wenyewe, na ikiwa imekwisha kusikilizwa na aliyeikabidhi.